Uzi: Usugu wa bakteria katika mto uliochafuliwa unatokana na kinyesi au na mabaki ya dawa?

MLETA MADA

Wanajukwaa, nawasalimu. Mjadala kuhusu usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki kwa kawaida huishia kwa mgonjwa aliyeacha dozi katikati na kwa muuzaji aliyetoa dawa bila cheti cha daktari. Mambo hayo ni ya kweli na yana uzito wake, lakini yanauacha nje mto, ambao ndio unaopokea karibu kila kitu kinachotoka mwilini mwa mgonjwa, hospitalini, machinjioni, mashambani na viwandani, kisha unavikutanisha vyote hivyo na bakteria wa asili ambao hawajawahi kuishi ndani ya mtu yeyote. Nafungua uzi huu kwa sababu naona watu wengi, hata wenye taaluma, wakichanganya mambo mawili ambayo dawa yake si moja.

Kwanza tukubaliane kwamba usugu wenyewe ni wa kale. Bakteria na kuvu wa udongoni na majini wamekuwa wakitengeneza sumu za kuuana, pamoja na kinga dhidi ya sumu hizo, tangu enzi ambazo binadamu hakuwapo. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa DNA iliyotolewa kwenye ardhi iliyoganda kwa miaka 30,000 huko Yukon, Kanada, na humo zilikutwa jeni za usugu dhidi ya dawa za jamii ya penisilini, dhidi ya tetrasaiklini na dhidi ya vankomaisini. Kwa hiyo hata maji ya chemchemi isiyoguswa na mtu yana jeni za usugu, na anayepima maji ya mto akatangaza kwamba amezikuta bado hajatuambia lolote. Inatupasa tujue zimebebwa na bakteria gani, ziko kwenye kipande gani cha DNA, na kama ndani ya maji hayo kuna kitu kinachowapa walio nazo nafuu kuliko wenzao.

Hapo ndipo yanapoingia yale mambo mawili. Jambo la kwanza ni kubebwa. Mililita 100 za majitaka ghafi huwa na *E. coli*, bakteria wa kawaida wa utumboni, kati ya milioni moja na milioni kumi hivi, na sehemu yao hutoka matumboni mwa watu waliokwisha kutumia antibiotiki. Maji hayo yakimwagwa mtoni, mto unapata bakteria sugu na jeni zao hata kama hayana chembe moja ya dawa. Jambo la pili ni kuteuliwa. Mabaki ya dawa yakiwa majini kwa kiasi cha kutosha, bakteria dhaifu hupungua au huzaana polepole, sugu wakachukua nafasi, na hapo uwingi wa usugu unaongezeka mtoni humo humo bila kusubiri mzigo mpya kutoka mjini.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba uteuzi huo unahitaji dawa nyingi, karibu na kile kiwango kinachozuia kabisa bakteria kukua. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala walilikanusha hilo kwa majaribio ya kuwashindanisha *E. coli* na *Salmonella* sugu na dhaifu katika chupa moja, kizazi baada ya kizazi, wakitumia tetrasaiklini, streptomaisini na siprofloksasini. Walionyesha kwamba bakteria sugu huanza kushinda katika viwango ambavyo ni robo ya kile kiwango cha kuzuia, na kwa baadhi ya michanganyiko ya dawa na mabadiliko ya jeni ni sehemu moja tu ya 230. Dawa kidogo namna hiyo haimuui bakteria dhaifu. Inamchelewesha kidogo tu, na kucheleweshwa huko, kukirudiwa kwa mamia ya vizazi, kunatosha kumtoa mtoni.

Baada ya majaribio hayo, wengi waliona kwamba kila mto wenye mabaki ya dawa ni kiwanda cha usugu. Mimi nashikilia kwamba hilo halijathibitishwa kwa mito mingi, na kwamba kinyesi ndicho kinachoeleza sehemu kubwa ya tunachokipima. Karibuni tujadiliane.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini, ila naona unaipunguzia dawa uzito wake. Chukua Patancheru, karibu na Hyderabad nchini India. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima maji yaliyotoka kwenye mtambo unaosafisha majitaka ya viwanda vya dawa vipatavyo 90, ukakuta siprofloksasini ikifikia miligramu 31 kwa lita moja. Hicho ni kiwango kinachozidi kile cha juu kinachofikiwa katika damu ya mgonjwa anayetumia dawa hiyo. Watafiti walikadiria kwamba mtambo ule ulikuwa ukitoa takriban kilo 45 za siprofloksasini kwa siku, kiasi ambacho nchi nzima ya Sweden, yenye watu milioni tisa wakati huo, ilikitumia kwa muda wa siku tano. Baadaye tope la mtoni chini ya mtambo huo likachunguzwa, likakutwa na jeni za usugu kwa wingi usio wa kawaida, pamoja na integroni (vipande vya DNA vinavyokusanya jeni) na plazimidi (viduara vya DNA vinavyohama kati ya bakteria) zinazozisafirisha. Unawezaje kusema kwamba hapo tatizo ni kinyesi?

MLETA MADA

Sisemi hivyo hata kidogo, Mkuu, na nashukuru kwa kulileta eneo hilo, kwa sababu ndilo linaloweka mpaka wa hoja yangu. Kuna kipimo cha usalama kilichopendekezwa mwaka 2016 kwa ajili ya kuzuia uteuzi wa usugu, nacho kwa siprofloksasini ni mikrogramu 0.064 kwa lita. Ukizigawa mikrogramu 31,000 za Patancheru kwa 0.064, unapata karibu mara 480,000. Hakuna mtu mwenye busara atakayedai kwamba maji ya namna hiyo hayateui.

Sasa angalia kilichofanyika mwaka 2019. Kuna kirusi kiitwacho crAssphage, ambacho huishi kwa kuwashambulia bakteria wa utumbo wa binadamu na kupatikana kwa wingi mno katika kinyesi cha watu kuliko mahali pengine. Watafiti walichukua data ya DNA kutoka mazingira mbalimbali yaliyochafuliwa, wakalinganisha wingi wa kirusi hicho na wingi wa jeni za usugu. Kama usugu unaletwa na kinyesi tu, vitu hivyo viwili vitapanda na kushuka pamoja. Kama dawa inateua papo hapo, jeni zitapanda zenyewe na kirusi kitabaki chini. Katika maeneo mengi vilikwenda pamoja. Mahali palipotengana waziwazi ni kwenye tope lililochafuliwa na viwanda vya dawa, yaani mahali pa aina ile ile unayoitaja.

Kwa hiyo tuna mito ya namna mbili, na msimamizi wa mto anapaswa kujua wake ni upi kabla ya kutumia hata senti moja. Mto unaopokea majitaka ya mji unahitaji choo, bomba na mtambo unaofanya kazi. Mto unaopokea majitaka ya kiwanda cha antibiotiki unahitaji sheria inayomlazimisha mwenye kiwanda kuiondoa dawa kabla maji hayajavuka uzio wake, na hata ukiwajengea vyoo wakazi wote wa bonde lile, bila sheria hiyo hutakuwa umegusa chanzo.

MCHANGIAJI WA PILI

Nafanya kazi ya maabara ya maji, nami naomba kuongeza jambo ambalo halijaguswa, nalo ni tope pamoja na metali.

Wengi huchota maji ya juu kwa chupa, wanarudi maabara na kuyachuja kwenye kile kichujio cha duara chenye matundu ya mikromita 0.45. Kichujio hulazwa juu ya sahani mbili za chakula cha bakteria, moja ya kawaida na nyingine iliyotiwa antibiotiki iitwayo sefotaksimu, kisha zote zinalazwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37 au 44. Asubuhi unahesabu madoa kwenye kila sahani na kupata uwiano wa *E. coli* sugu kwa *E. coli* wote. Ni kazi nzuri na ya bei nafuu, na Shirika la Afya Duniani limeijengea utaratibu wa ufuatiliaji uliotolewa mwaka 2021, unaomhusisha mtu, mnyama na mazingira. Lakini *E. coli* ni mgeni mtoni. Jua na baridi vinampunguza katika muda wa siku hadi wiki chache, na kwenye tope ndiko anakodumu zaidi. Wenyeji wa mto wamejishikiza kwenye utando ule wa utelezi unaofunika mawe na punje za mchanga. Humo bakteria wa spishi nyingi wamebanana, wamezungukwa na ute wao wenyewe, na ni mahali pazuri mno pa kupokezana plazimidi. Sahani ya *E. coli* haiwaoni hao.

Dawa nazo hazigawanyiki sawasawa. Penisilini na ndugu zake huvunjika upesi majini, ndiyo maana ni nadra kuzipata kwa wingi ingawa ndizo zinazotumika sana. Sulfamethoksazoli hubaki ndani ya maji na kusafiri mbali. Siprofloksasini na tetrasaiklini hung'ang'ania tope. Ukipima maji ya juu peke yake unaweza kusema mto ni salama, kumbe mzigo wote umelala chini.

Kisha kuna zebaki, shaba na zinki. Metali haiozi. Bakteria anayeweza kuihimili zebaki mara nyingi amebeba kinga hiyo kwenye kipande kimoja cha DNA pamoja na jeni za usugu dhidi ya antibiotiki. Mfano unaojulikana sana ni Tn21, transposoni (kipande cha DNA kinachoweza kuhama mahali) yenye jeni za kuondoa zebaki upande mmoja na integroni yenye usugu dhidi ya salfa na streptomaisini upande wa pili. Mto wenye zebaki unamteua bakteria huyo kwa ajili ya zebaki, na usugu dhidi ya dawa unafuata kama mkia. Hivyo hivyo kwa baadhi ya kemikali za kuua vijidudu zinazotoka hospitalini na majumbani. Kwa sababu hiyo ndugu zetu watafiti wamependekeza jeni iitwayo *intI1*, ambayo ni ya integroni ya daraja la kwanza, itumike kama alama ya uchafuzi unaotokana na binadamu: inapanda mahali penye kinyesi, metali au dawa.

MLETA MADA

Maelezo haya ya tope na metali nayapokea yote, na naona yanaipa hoja yangu sura kamili zaidi. Mwenye mto unaopita kwenye machimbo au viwanda vya ngozi anaweza kuwa na uteuzi mkali usiohusiana na dawa yoyote. Hapo kipimo cha antibiotiki pekee kitampotosha.

Nitaongeza tahadhari moja kuhusu *intI1*. Kwa kuwa inapanda kwa sababu nyingi, inafaa kutujulisha kwamba mto umechafuliwa, lakini haifai kutuambia umechafuliwa na nini. Nimeona ripoti zikiitumia kama ushahidi wa mabaki ya dawa. Huo si uamuzi sahihi.

MCHANGIAJI WA TATU

Nawashukuru wote. Mimi si mtaalamu wa bakteria, nimesomea mambo ya mipango, na nina swali la wazi. Kama bakteria wa kinyesi wanakufa mtoni baada ya muda, na kama katika mito mingi dawa hazitoshi kuteua, kwa nini tusiseme kwamba mto unajisafisha, tukaelekeza nguvu hospitalini? Je, kuna ushahidi kwamba usugu wa mtoni unamrudia binadamu?

MLETA MADA

Ni swali zuri na linastahili jibu refu, kwa sababu ndilo ninalokutana nalo mara nyingi kwa watu wanaopanga bajeti.

Ushahidi wa moja kwa moja upo, ingawa ni mgumu kuupata kwa kuwa mtu anayekunywa maji machafu pia anakula, anaugua na anatumia dawa. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulikwepa ugumu huo kwa kuwalinganisha watu wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari, ambao humeza maji mengi kuliko waogeleaji wengine, na watu wasioingia baharini. Katika wale wa kwanza, asilimia 9 walikuwa na *E. coli* sugu dhidi ya sefotaksimu utumboni. Katika wale wa pili, asilimia 3. Bahari ni kubwa na huchanganya maji kuliko mto wowote. Anayechota maji ya kunywa mtoni yuko karibu zaidi na mzigo huo.

Ushahidi mwingine ni wa New Delhi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya kupima kimeng'enya cha NDM-1, kinachovunja hata karbapenemu, dawa ambazo daktari huzifikia zile za kawaida zikishindwa. Jeni yake ilikutwa katika sampuli 51 kati ya 171 za maji yaliyotuama na kutiririka mitaani, na katika 2 kati ya 50 za maji ya bomba. Ilikuwa imekwisha kuingia hata kwa bakteria wa kipindupindu na wa kuhara damu. Jambo lililonishtua zaidi kuliko idadi hizo ni kwamba plazimidi zilizobeba jeni hiyo zilipokezana mara nyingi zaidi kwenye nyuzi joto 30 kuliko kwenye 37. Maana yake ni kwamba maji ya mfereji ya nchi yenye joto yalifaa kwa kazi hiyo kuliko mwili wa mgonjwa.

Lakini sababu kubwa inayonifanya nisikubali hoja ya mto kujisafisha ni nyingine. Tukirudi nyuma kutafuta asili ya jeni zinazotusumbua hospitalini leo, tunawafikia bakteria wa mazingira. Jeni za CTX-M, ambazo zimeenea duniani kote na kuzifanya sefalosporini nyingi (jamii ya sefotaksimu) zisifae kitu, zilitoka katika kromosomu, yaani DNA kuu, za bakteria *Kluyvera*. Jeni ya OXA-48 ilitoka kwa *Shewanella*, bakteria wa majini. Jeni ya *qnrA* nayo ina asili kwa *Shewanella algae*, na hii inafundisha zaidi kwa sababu inakinga dhidi ya kwinoloni (jamii ya siprofloksasini), dawa zilizotengenezwa na binadamu maabarani na ambazo hazikuwapo katika maumbile. Wataalamu waliamini kwamba usugu dhidi yake ungetokea tu kwa mabadiliko ya kromosomu yasiyoweza kuhama kati ya bakteria, mpaka mwaka 1998 ilipotangazwa plazimidi iliyoubeba. Bakteria wa majini alikuwa na kinga hiyo tayari, kwa matumizi yake mwenyewe.

Jeni ya namna hiyo, ili ifike kwa mgonjwa, lazima ing'oke kwenye kromosomu, idandie transposoni au integroni, iingie kwenye plazimidi, na plazimidi ihamie kwa bakteria anayeweza kuishi tumboni mwa mtu. Kila hatua ni nadra sana. Mto uliochafuliwa unaupunguza unadra huo kwa kuwaweka pamoja, kwenye utando mmoja juu ya jiwe moja, bakteria wa kinyesi wenye plazimidi na wenyeji wenye jeni zisizojulikana, mara nyingine pamoja na dawa au metali inayomlipa yule atakayebahatika. Tukio hilo likitokea mara moja mahali pamoja, halihitaji kutokea tena. Sahani za maabara haziwezi kulishuhudia likitokea. Tunalijua miaka mingi baadaye, dawa inapokataa wodini. Mwaka 2019 pekee, vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria. Siwezi kumwambia mpangaji ni vifo vingapi kati ya hivyo vilianzia majini, na hakuna awezaye. Hata hivyo, jeni zenyewe zinaeleza zilikotoka, na sehemu kubwa yake hazikuzaliwa hospitalini.

MCHANGIAJI WA TATU

Nimeelewa, na nakiri kwamba hoja ya jeni kuhama sikuwa nimeisikia ikielezwa hivyo. Sasa mtambo wa kawaida wa kusafisha majitaka unatosha?

MCHANGIAJI WA PILI

Niruhusuni nijibu hili. Mtambo wa kawaida wenye hatua ya kibaiolojia hupunguza bakteria wa kinyesi kwa asilimia 90 hadi 99.9. Inasikika kama ushindi kamili, lakini piga hesabu: ukianza na *E. coli* milioni kumi katika mililita 100 na ukaondoa asilimia 99, umebakiwa na 100,000. Hata hivyo, tofauti kati ya milioni kumi na laki moja ni kubwa mno kwa mto, na ndiyo hatua yenye faida kuliko zote kwa mji usio na mtambo. Hatua za ziada kama ozoni na mkaa amilishi huondoa mabaki mengi ya dawa. Uswisi imekuwa ikiziweka kwenye mitambo iliyochaguliwa kwa mujibu wa sheria iliyoanza mwaka 2016, na Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ulipitisha agizo linalotaka hatua hiyo kwa mitambo mikubwa kwa awamu hadi 2045, pamoja na kupima usugu katika majitaka. Sioni busara ya mji usio na mabomba kuanza na ozoni.

MLETA MADA

Naunga mkono. Kwa upande wa viwanda vya dawa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu majitaka ya utengenezaji wa antibiotiki mwezi Septemba 2024. Mwongozo si sheria, lakini nchi inayonunua dawa kwa wingi inaweza kuuweka ndani ya masharti ya zabuni, na hilo linaweza kufanyika bila kusubiri bunge lolote.

Kwa wale walioniuliza kwenye ujumbe binafsi waanzeje kupima mto wao: chukueni sampuli juu na chini ya kila mahali panapoingia majitaka, za maji na za tope, kiangazi na masika, kwa kuwa kiangazi maji ya kuzimua ni machache na masika mafuriko huamsha tope lililolala. Pimeni *E. coli* wote na walio sugu, kisha *intI1*, kisha alama ya kinyesi kama crAssphage. Mahali ambapo jeni za usugu zinapanda bila kinyesi kupanda, hapo ndipo pa kupeleka fedha za kupima dawa na metali. Mwenye matokeo ya namna hiyo ayalete hapa tuyasome pamoja.